Intaneti inasuasua nyumbani: tafuta tatizo lilipo kabla hujatoa fedha

Ujumbe wa aina hii hutufikia studio karibu kila wiki: "Nimeweka bando la wiki, lakini mtandao unazunguka tu." Wengine huongeza swali ambalo ni gumu kulijibu hewani kwa dakika mbili: "Ninunue ruta, nibadilishe laini, au nitafute simu nyingine?"

Inategemea tatizo liko wapi. Wapo wasikilizaji wetu walionunua ruta kwa fedha ya gunia la mahindi, kasi ikabaki ileile, kwa sababu ruta ile inavuta mtandao kutoka kwenye mnara uleule uliozidiwa. Wapo pia waliohama mtandao mmoja kwenda mwingine, kumbe shida ilikuwa simu inayopakua masasisho yake kimyakimya mfukoni. Makala haya tumeyaandika uyasome taratibu, simu ikiwa mkononi. Hayahitaji fundi. Yanahitaji daftari, kalamu na siku tatu za subira.

Data inapita wapi

Ukifungua video, data haitoki "hewani" moja kwa moja. Inatoka kwenye kompyuta kubwa iliyo mbali, pengine Ulaya au Nairobi, inapita mkongo wa baharini hadi pwani, inaingia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, inafika kwenye mnara ulio karibu nawe, kisha mnara ndio unaoirusha hewani hadi kwenye simu au ruta yako. Ukitumia ruta, kuna safari moja zaidi: kutoka ruta hadi simu kwa njia ya Wi-Fi, au hotspoti kama ni simu inayogawia simu nyingine.

Kila kipande cha njia hiyo kinaweza kuwa ndicho chenye shida. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania nzima na kwa majirani zetu pia, mijini na vijijini, na hakuna aliyeweza kuirekebisha kwa kuzima na kuwasha simu. Matukio ya namna hiyo huyatambua kwa urahisi: kila mtu analalamika, wa mitandao yote, na redio tunalitangaza. Shida ya kila siku ni ile ya kwako peke yako au ya kijiji chako, na hiyo ndiyo tunayoishughulikia hapa.

Kidogo kuhusu miamala. Wengi hutuuliza kwa nini kutuma fedha kwa menyu ya nyota na reli kunakubali wakati intaneti imegoma. Menyu ile haitumii intaneti. Inapita kwenye njia ya mawasiliano mafupi kati ya simu na mnara, inayohitaji mawimbi kidogo sana. Kwa hiyo muamala kupita si ushahidi kwamba data ilipaswa kupita.

Polepole ni kitu kimoja, kukatikakatika ni kingine

Hapa ndipo wengi huchanganya. Mtandao wa polepole ni kama bomba jembamba: maji yanatoka, lakini ndoo inachelewa kujaa. Mtandao unaokatikakatika ni bomba linalotoa maji kwa nguvu, linakauka, linatoa tena.

Tunao mfano kutoka kwenye kazi yetu wenyewe. Matangazo ya redio kupitia intaneti, yakirushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hula takriban MB 29 kwa saa nzima. Hicho ni kiasi kidogo mno. Hata mtandao wa 3G uliochoka unakiweza. Kwa hiyo ukisikiliza redio mtandaoni ikawa inakata na kurudi, usiseme "intaneti yangu ni ndogo." Kasi unayo. Unachokosa ni utulivu, na chanzo chake mara nyingi ni mawimbi dhaifu au simu inayorukaruka kati ya 3G na 4G. Lakini kama redio inasikika vizuri na video ndiyo inayogoma, basi mawimbi yako pengine ni mazuri na shida ni kasi: mnara umejaa watu, au bando lako limewekewa breki.

Kwa kipimo cha video, YouTube wenyewe wanashauri megabiti 0.7 kwa sekunde kwa picha ya kawaida ya 360, megabiti 2.5 kwa picha ya 720, na megabiti 5 kwa 1080. Mtu mwenye megabiti 2 hana intaneti mbaya. Ana intaneti ya picha ya 480, na akiishusha video kwenye kiwango hicho itacheza bila kugoma.

Kupima, siku tatu

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo, maana hata wauzaji huvichanganya. Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Ukubwa wa faili na wa bando hupimwa kwa megabaiti, yaani MB. Megabaiti moja ni megabiti nane. Faili la MB 5 ni megabiti 40. Likishuka kwa sekunde 20, kasi yako ni megabiti 2 kwa sekunde. Ukiambiwa "megabiti 8", maana yake MB 1 kila sekunde, si MB 8.

Zipo tovuti za kupima kasi, kama fast.com na Speedtest. Ni nzuri, ila zinakula bando: kipimo kimoja kinaweza kumaliza MB 20, 50 au zaidi, na kadiri mtandao ulivyo na kasi ndivyo kinavyokula zaidi. Kama bando lako ni la kuhesabu, tumia njia ya bei nafuu. Chagua faili moja unaloujua ukubwa wake, kwa mfano moja ya vipindi vyetu vilivyorekodiwa, lipakue huku ukiangalia saa, andika sekunde, kisha lifute. Kipimo kinachofuata pakua hilohilo.

Pima mara tatu kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 2 usiku. Kaa mahali palepale, na simu ileile. Wengine wote wa nyumbani wazime data au watoke kwenye hotspoti kwa muda huo. Kama unatumia ruta, pima ukiwa umekaa karibu nayo, halafu mara moja pima tena ukiwa chumba cha mbali. Fanya hivyo siku tatu mfululizo, kwa sababu siku moja hudanganya: inaweza kuwa siku ya mnada, ya mechi, au ya umeme kukatika.

Baada ya hapo daftari litaanza kusema. Alfajiri iko juu na usiku imeanguka, wakati mawimbi hayajabadilika? Mnara umejaa. Iko chini saa zote, na mawimbi ni hafifu? Ni mahali ulipo. Iko chini saa zote na mawimbi ni mazuri? Angalia simu, laini na bando. Karibu na ruta ni nzuri, chumbani mbaya? Ni Wi-Fi ya ndani, na mnara hauna kosa.

Mawimbi: usiamini pau

Zile pau juu ya kioo si kipimo. Kila kampuni ya simu inaamua yenyewe pau tatu zina maana gani, ndiyo maana simu mbili za laini ya mtandao mmoja, meza moja, zinaonyesha pau tofauti. Namba ya kweli iko ndani. Kwenye simu nyingi za Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM, utafute mstari wenye namba iliyotanguliwa na alama ya kutoa na kumalizikia na herufi dBm. Simu nyingine zinaificha. Hapo jaribu kupiga *#*#4636#*#*, ambayo kwenye Android nyingi hufungua ukurasa wa majaribio. Huko soma tu, usibonyezebonyeze.

Hakikisha simu inaonyesha 4G unaposoma. Namba kadiri ilivyo karibu na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kutoa 85 ni nzuri sana. Kutoa 100 bado inafaa. Ikivuka kutoa 110 utaanza kuona mikatiko, na kwenye kutoa 115 kuendelea usitegemee kazi ya maana. Kumbuka namba hizi hazipandi kama za bei sokoni: kila tofauti ya 3 ni nguvu mara mbili au nusu yake. Ukihama kutoka sehemu yenye kutoa 112 hadi yenye kutoa 103, mawimbi yameongezeka nguvu karibu mara nane. Hilo linaweza kutokea kwa kutoka chumbani na kusimama dirishani.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini mambo matatu huharibu mawimbi zaidi ya umbali wenyewe. La kwanza ni mlima. Mawimbi ya simu huenda karibu sawa na macho. Kama kilima kimekaa kati yako na mnara, wewe uko kwenye kivuli chake, hata kama mnara uko kilomita tatu tu. Mwenzako aliye ng'ambo ya bonde, kilomita nane, anauona na anapata kuliko wewe. La pili ni msitu wa mipaine. Majani hunywa mawimbi, na yakilowa yanakunywa zaidi, kwa hiyo aliyekuwa anapata mtandao miti ikiwa michanga asishangae ukififia miti inapokua. La tatu ni bati. Nyumba yenye bati juu na mageti ya chuma ni kama sufuria iliyofunikwa, na mlango na madirisha ndiyo matundu pekee.

Dawa yake haina gharama. Zunguka nyumba na simu, soma namba kila kona, ndani na nje, chini na juu. Subiri nusu dakika kila mahali kwa sababu namba huchelewa kubadilika. Ukipata mahali pazuri, hapo ndipo ruta inapokaa, hata kama si karibu na televisheni. Kama huna ruta, weka simu moja hapo dirishani, iwashe hotspoti, ambayo kwenye menyu ya Kiswahili imeandikwa Mtandaopepe, na utumie simu nyingine ukiwa umekaa. Kimo husaidia: mita mbili tatu juu zinaweza kuvuka ukingo wa kilima. Usiiache juani kwenye bati, maana kifaa kikipata moto hupunguza kasi chenyewe ili kisiungue.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kutuma ni kugumu kuliko kupokea. Mnara una sauti kubwa, unarusha kwa makumi ya wati. Simu yako hurusha kwa takriban wati 0.2. Kwa hiyo unaweza kuusikia mnara vizuri, pau zikajaa, na mnara usikusikie wewe. Dalili yake ni kwamba kusoma kunakubali, lakini kupandisha picha au hati kunagoma. Hili linaumiza hasa wakati wa maombi ya mkopo wa HESLB, ambapo kijana anatakiwa kupandisha vyeti alivyovipiga picha na dirisha linakaribia kufungwa. Punguza ukubwa wa faili, toka nje, panda sehemu ya juu, fanya alfajiri. Na usisubiri siku ya mwisho, kwa sababu siku hiyo hata tovuti yenyewe huelemewa.

Simu inayorukaruka, na laini ya zamani

Ukiona maandishi juu ya kioo yanabadilika 4G, H, 3G, 4G tena, hicho ndicho chanzo cha mikatiko yako. Simu iko mpakani, na kila inaporuka mawasiliano yanakatika sekunde kadhaa. Kwenye mipangilio ya mtandao wa simu unaweza kuchagua aina ya mtandao inayopendelewa. Jaribu kuiweka 3G kwa siku moja uone. Mara nyingine 3G iliyotulia ni bora kuliko 4G inayokuja na kuondoka. Ukurasa wa majaribio tuliousema una chaguo la kuilazimisha simu ibaki 4G tu, ila hapo simu nyingi hushindwa kupiga na kupokea simu za kawaida. Kwa nyumba yenye mgonjwa au mjamzito hatulishauri.

Kama laini yako ni ya miaka mingi, uliza dukani kama ni ya 4G. Laini nyingi za enzi za 2G na 3G hazishiki 4G hata ukiziweka kwenye simu ya leo. Hubadilishwa kwa namba ileile, na ni jambo la muda mfupi ukiwa na kitambulisho.

Mnara ukijaa

Mnara mmoja una uwezo wake, na uwezo huo hugawanywa kwa wote walioushika. Saa 1 hadi saa 4 usiku watu wamerudi shambani, wamekula, wamefungua simu. Kasi iliyokuwa ya watu kumi sasa ni ya watu mia tatu. Minara mingi ya vijijini pia imeunganishwa na mingine kwa sahani za mawasiliano badala ya waya wa faiba, na kiungo hicho nacho kina kikomo; mvua kubwa hukidhoofisha. Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri au jenereta hadi navyo viishe.

Hapa hakuna cha kurekebisha nyumbani, na hili ndilo linalowapotezea watu fedha nyingi. Ruta mpya haitasaidia. Simu ya 5G haitasaidia mahali pasipo na 5G. Kinachosaidia ni kuhamisha kazi nzito kwenda alfajiri au usiku wa manane, ambako hata mabando ya usiku ni nafuu, au kujaribu mtandao mwingine wenye mnara mwingine. Usiuhame kwa kusikia. Azima laini ya jirani anayetumia mtandao huo, iweke kwenye simu yako, nunua bando dogo, upime saa 2 usiku pale unapokaa.

Kujengwa kwa minara si jambo la kampuni peke yake. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, hutoa ruzuku kwa kampuni zijenge maeneo yasiyolipa kibiashara. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Kama kata yenu haina mnara, au ina mnara wa 2G tu, swali hilo linapelekwa kwa diwani na mbunge. Ni halali kabisa kuliuliza kwenye mkutano wa kijiji.

Mwizi aliye ndani ya nyumba

Kabla ya kumlaumu yeyote, tazama simu yako inatumia data kwenye nini. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna orodha ya programu na MB zilizotumika. Mara nyingi wa kwanza ni duka la programu linalojisasisha, picha zinazojipandisha zenyewe kwenda hifadhi ya mtandaoni, na WhatsApp inayoshusha kila video ya kila kundi. Zuia sasisho za otomatiki zisitumie data ya simu, zima upakuaji wa video WhatsApp, na washa Kiokoa Data. Simu iliyojaa hadi ukomo wa hifadhi nayo huwa nzito, na mtu hudhani ni mtandao.

Kwenye hotspoti na ruta, badilisha nywila. Watoto wa jirani wakishaijua, unagawana nao kila jioni. Chumba cha mbali kikikosa Wi-Fi, na ruta yako ina majina mawili, moja la 2.4 na jingine la 5, tumia la 2.4: linapenya ukuta vizuri zaidi, ingawa kasi yake ni ndogo.

Soma pia masharti ya bando. Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi ukishafikisha kiasi fulani. Kama mwanzo wa mwezi unakimbia na mwisho unatambaa, saa zote, hata alfajiri, hapo ndipo pa kuangalia.

Vitu viwili usinunue. Programu zinazodai kuongeza kasi ya intaneti haziwezi. Kasi haiko kwenye simu, na nyingi zimejaa matangazo yanayokula bando hilohilo. Na vile vifaa vya kukuza mawimbi vinavyouzwa mitaani, vyenye antena ya kufunga juu ya paa: kifaa kisichoidhinishwa na TCRA kinaweza kuvuruga mnara mzima, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Ukienda kulalamika

Daftari lako sasa lina kazi. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, lakini usiseme "mtandao ni mbovu." Sema kijiji na kata, aina ya simu, namba ya mawimbi, kasi ya alfajiri na ya usiku, na tarehe. Kwa mfano: "Nipo kata fulani, mawimbi ni kutoa 92, alfajiri napata megabiti 9, saa 2 usiku napata 0.4, siku tatu mfululizo." Mhudumu hawezi kukujibu "zima simu uwashe" mbele ya maneno hayo, na mafundi wanajua waangalie mnara gani. Omba namba ya lalamiko, uiandike.

Wakilalamika watu kumi wa kijiji kimoja kwa wiki moja, kila mmoja na namba zake, lalamiko linakuwa zito zaidi. Wasipokujibu au usiporidhika, hatua inayofuata ni TCRA, ambao kwa ukanda wetu wana ofisi Mbeya. Watakuuliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma, na hapo ndipo ile namba ya lalamiko inapohitajika. Peleka na nakala ya kurasa za daftari.